Kicheko cha Pili

Mhadhara wa wazi, Ronge, Taita Taveta



Nilipoalikwa kuzungumza juu ya vichekesho vya televisheni na filamu, swali la kwanza nililoulizwa ni nimesomea wapi mambo hayo. Sikusomea popote. Mimi ni mtazamaji, na mtazamaji naye ana elimu yake: anajua ni wapi alicheka mpaka akashika mbavu, na anajua ni wapi alitabasamu kwa adabu tu kwa kuwa aliokaa nao walikuwa wanacheka. Leo nitasimama kwenye elimu hiyo peke yake.

Dai langu ni moja. Lafudhi humletea mchekeshaji kicheko cha kwanza. Mtu akipanda jukwaani akayapinda maneno kama Mkikuyu, Mluhya, Mkamba au Mgiriama, ukumbi utacheka kabla hajasema jambo lolote. Lakini kicheko cha pili, kile cha wiki ijayo, na kile cha mwaka wa kumi, hakitoki kwenye ulimi. Kinamtaka mtu, mwenye tamaa zake, uongo wake, mke wake na madeni yake. Vichekesho vya Kenya vilivyodumu vilitupa watu. Vingi vya siku hizi vinatupa matamshi, ndiyo maana tunavisahau kabla chai haijapoa.

Tuanze na mzee wa wazee. Waliozaliwa baada ya mwaka 2000 watanivumilia. Enzi za Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 tunaiita KBC, kituo kilikuwa kimoja, na jioni ya kipindi cha Vitimbi nyumba yenye televisheni iligeuka kuwa ya kijiji kizima. Mzee Ojwang' Hatari akitokea na koti lake na kofia yake, watu walianza kucheka hata hajaketi. Sasa sikilizeni jambo hili. Aliyekuwa ndani ya koti lile ni Benson Wanjau, Mkikuyu, akimwigiza mzee wa Kijaluo. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, ni Mary Khavere, naye ni Mluhya. Lafudhi zote mbili zilikuwa za kuazima.

Laiti kichekesho kingekuwa ni lafudhi tu, Wajaluo wangekuwa wa kwanza kuzima televisheni. Hawakuzima. Walimpenda, nasi tulimpenda, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na Ojwang' wake: mzee anayejiona mwerevu kuliko wote, anayeanza uongo kwa ujasiri mkubwa, na mke anayemjua nje ndani kama anavyozijua sufuria zake. Mtazameni Mama Kayai katika vipindi vile. Mara nyingi hakuhitaji kusema kitu. Alimwangalia mumewe, akamwacha aendelee kujizamisha, na kicheko kikatoka kwenye ule ukimya wake. Hapo lafudhi haina kazi kabisa, kwa kuwa hakuna anayezungumza.

Wanjau alifariki Julai 2015. Miaka ya mwisho macho yalikuwa yanamsumbua, mashabiki wakachangishana fedha ili atibiwe. Nchi iliyochekeshwa naye kwa miongo ilibaki kupitisha bakuli. Hilo nalipita, maana nikikaa hapo tutamaliza siku kwa huzuni.

Kipindi cha Vioja Mahakamani ni somo lingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Nani hapa hajamwona Makokha kizimbani, au hakimu Lucy Wangui akimkodolea macho mshtakiwa? Walioubuni mpango ule walikuwa na akili sana. Mahakama ni ukumbi wa michezo ulio tayari. Kuna meza ya juu na kizimba cha chini. Kuna lugha ya sheria na lugha ya mtaani. Kuna mtu anayetakiwa kusema ukweli na ambaye ukweli utamfunga. Mshtakiwa aliyeiba kuku haanzi na kuku. Anaanza na mvua iliyonyesha juzi, na mjomba wake aliyekuwa mgonjwa, na jinsi yeye binafsi tangu utotoni hapatani na kuku. Anaposukumwa arudi kwenye shtaka anakasirika kweli, kama mtu aliyekatizwa hotuba. Ukicheka, unacheka kwa sababu ushawahi kumwona jirani yako akijitetea vivyo hivyo mbele ya chifu. Na ukitoka hapo umejifunza sheria kidogo bila kujua kwamba ulikuwa darasani.

Kuna wakati lafudhi yenyewe huwa ndiyo hoja, nami sitaki kuficha hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitokea vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta: John Kiarie, Tony Njuguna na Walter Mong'are, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Nyambane. Kundi lao liliitwa Redykyulass. Nyambane aliichukua sauti ya Rais Moi, ile nzito ya kukwaruza, akaiweka kwenye televisheni Moi mwenyewe akiwa bado Ikulu. Wazee mnakumbuka. Miaka michache tu nyuma yake mtu aliangalia kulia na kushoto kabla hajalitaja jina lile. Kicheko kile hakikuwahusu Wakalenjin, kabila la Moi, hata kidogo. Kilikuwa cha watu wanaousikia woga wao ukichezewa hadharani, na wanaona kesho yake jua limechomoza kama kawaida. Mwaka 2009 mchora vibonzo Gado, ambaye ni Mtanzania kwa kuzaliwa, akaja na vikaragosi vya XYZ Show, na wanasiasa wote wakapata sura za mpira. Kuiga ulimi wa mwenye nguvu ni kumshusha ngazi. Kuiga ulimi wa mlinzi na yaya ni kumsukuma aliye chini tayari, na yataka mtu mwenye moyo na kipaji ili jambo hilo lisiwe uonevu.

(Kiarie baadaye alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini, na mchekeshaji Jalang'o akachaguliwa Lang'ata mwaka 2022. Wapo wanaosema Bunge limeanza kupata wachekeshaji. Wengine wanasema halijawahi kuwakosa.)

Mwenye moyo na kipaji cha kumwigiza mlinzi alikuwepo. Jina lake Charles Bukeko, na kipindi chake, Papa Shirandula, kilianza Citizen mwaka 2007. Kuna wanaomkumbuka kwa tangazo lile la soda la "Brrr". Mimi namkumbuka kwa kubadilisha nguo. Kiini cha kipindi kilikuwa hiki: Papa ni mlinzi katika kampuni ya ujenzi, lakini mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ni mkubwa ofisini. Kwa hiyo anaondoka nyumbani na suti, akifika kazini anavaa sare ya ulinzi, jioni anarudi na suti. Kila anayekuja pale langoni ni hatari. Kila mgeni kutoka nyumbani anaweza kumvua nguo mbele ya watu.

Fikirieni jinsi jambo hilo lilivyo la kweli. Wanaume wangapi waliotoka vilima hivi wakaenda Mombasa na Nairobi wamewahi kuandika nyumbani, au siku hizi kupiga simu, wakasema wako "kwa ofisi"? Sisemi mtu. Papa alizungumza kwa lafudhi ya Kiluhya, tena yake mwenyewe ya kuzaliwa, na tuliicheka. Ila hukurudi wiki iliyofuata kwa ajili ya lafudhi. Ulirudi kuona kama Wilbroda atagundua. Ndani ya mzaha ule mlikuwa na aibu ya mtu maskini anayelinda heshima yake, na Bukeko hakuwahi kuidharau aibu hiyo. Alipofariki tarehe 18 Julai 2020, kwa Covid-19, watu wasiomjua walilia kama wamefiwa na baba mdogo.

Na angalieni aliokuwa nao. Otoyo, yule wa lafudhi ya magharibi mwa Kenya, ni Kazungu Matano. Jina hilo mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa linatoka wapi. Awinja, yaya mwenye majibu ya papo hapo, ni Jacky Vike. Aliaminika mno hata akahamia kwenye The Real Househelps of Kawangware bila kupoteza watu. Halafu, nje ya kipindi hicho, yuko Inspekta Mwala, Davis Mwabili, na jina la Mwabili sitawafafanulia ninyi. Kwa hiyo watu wetu wa Pwani wako kwenye vichekesho vya Kenya tangu zamani. Jambo la kuuliza ni wanaitwa kuwa nani.

Nije kwenye jukwaa la mtu mmoja na kipaza sauti. Churchill Show ya Daniel Ndambuki ilifungua mlango ambao haukuwepo. Kijana asiye na mjomba kwenye televisheni aliweza kujaribiwa, akapanda, na wiki iliyofuata akawa na jina. Heshima yake haiondoki. Lakini mlango ule uliingiza na mazoea mabaya. Kijana anapanda, anataja kabila lake, anapinda ulimi, anasema Wakikuyu wanapenda pesa, Waluhya wanapenda kuku, Wapwani ni wavivu, anashuka. Dakika tano zimeisha. Wa pili anapanda na kabila lingine, kuku ni yule yule.

Watu hutetea hayo kwa kusema ni utani, na Waafrika tuna utani wa makabila. Sawa, tunao. Lakini utani una sheria. Anayetaniwa ana haki ya kujibu, tena papo hapo, na mara nyingi jibu lake ndilo linalokuwa kali zaidi. Kwenye msiba mtani anakutania hata kaburini, na siku yake ikifika unamlipa. Kwenye televisheni Mgiriama aliyeitwa mvivu amekaa kwake Kaloleni na hana kipaza sauti. Utani wa upande mmoja una jina jingine.

Hebu tuvuke mpaka wa Holili, maana wengi wenu mlikua mkitazama kanda na diski za Tanzania kuliko za Nairobi. King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, hakuazima ulimi wa mtu. Alizungumza vile Tanga wanavyozungumza, akatuchekesha kwa ubahili na ukorofi wa mzee anayetaka mambo yote yawe yake. Sharo Milionea, marehemu Hussein Mkiety, alikuwa kijana wa miwani na madaha anayejifanya tajiri mfuko ukiwa mtupu. Mnaona? Ni ndugu yake Papa Shirandula, ila huyu ni barobaro na yule ni baba wa watu. Mmoja anamdanganya mke, mwingine anaudanganya mtaa. Sharo alikufa kwa ajali ya gari huko Muheza, Novemba 2012, akiwa bado kijana, na hadi leo kuna mtu ukimwambia "sharobaro" anajua hasa unamaanisha kutembea kwa namna gani.

Sasa vijana mmeanza kunong'ona, na najua mnasema nini: babu amekwama kwenye televisheni, sisi tuko kwenye simu. Simu nazitazama, na bando nalinunua. Yupo Njugush, Timothy Kimani, ambaye pamoja na mkewe Celestine Ndinda wamejenga ndoa nzima ya kuchekesha, yenye mapishi, ada za shule na mashemeji. Yupo Crazy Kennar. Yupo Flaqo anayecheza mama na mtoto peke yake kwa leso moja, na huyo Mama Otis wake ni mtu kamili: ukimsikia anavyofunga mlango unajua mtoto atapigwa au atasamehewa. Kwa hiyo sisemi dakika tatu hazitoshi. Zinatosha kwa anayejua anamwigiza nani. Wengi hawajui. Wanakimbilia wigi, sauti nyembamba na kofi, kwa sababu kidole cha mtazamaji kiko tayari kupitisha video, na kofi huonekana haraka kuliko tabia.

Filamu nitazipitia kwa kasi, kwa sababu mtu wa Ronge akitaka kuiona filamu ya Kenya kwenye skrini kubwa, safari yake ni ya Mombasa, na nauli ya kwenda na kurudi inaua hamu ya kucheka. Disconnect ya mwaka 2018 ni ya marafiki wa Nairobi na mapenzi yao. Imepigwa vizuri, watu ni warembo, lakini watu wote wale wana fedha, na mimi mtu mwenye fedha huniwia vigumu kumcheka mpaka aipoteze. Kichekesho kizuri zaidi cha filamu ya Kenya, kwa maoni yangu, kimo ndani ya filamu isiyo ya kuchekesha: Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012. Mwanzoni kabisa Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, yuko kijijini akiuza filamu za kunakili. Ili mteja anunue, Mwas anamwigizia filamu yote: anapiga risasi kwa mdomo, anakufa, anafufuka, anamlipiza adui. Mteja hanunui filamu, anamnunua Mwas. Baada ya hapo anapanda gari kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, na Nairobi inamvua kila kitu. Nisingeitoa dakika moja katika sehemu ile ya mwanzo.

Kazi ya Mwas ndiyo kazi ya DJ Afro, na hapa nisipomtaja vijana watanirushia viatu. Kwenye kibanda cha video, filamu ya Kihindi au ya Kichina ambayo mwenye filamu aliitengeneza kwa machozi, DJ Afro anaiingizia sauti yake juu, anampa steringi jina la mtaani, anamgombeza adui, anawasalimu wenye kibanda. Tanzania walikuwa na Lufufu kabla yake, Uganda wana VJ Jingo. Wasomi wataiita tafsiri. Mimi naiita uchekeshaji wa hali ya juu, maana anachukua watu wa mbali kabisa na kuwafanya majirani zetu.

Nimefika kwetu.

Kilima cha Vuria, chenye mita 2,208, ndicho kirefu kuliko vyote katika vilima vya Taita, na kileleni kuna minara ya mawasiliano. Mawimbi yanapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, sisi tukihangaika na antena kwenye mti wa mchongoma. Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa, na vituo vya NTV, KTN na Citizen vikatoweka hewani kwa wiki tatu hivi, Nairobi walilia kama dunia imekwisha. Huku wapo ambao walidhani ni kawaida ya mawingu.

Na tukionekana, tunaonekana pamoja na nani? Na ndovu. Hifadhi za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti hii, na nathubutu kusema ndovu wa Tsavo ameshapata dakika nyingi za televisheni kuliko Mtaita yeyote. Hata simba wala watu wa 1898, ambao ni hadithi yetu, waliigiziwa mbali: ile filamu ya Marekani ya 1996, The Ghost and the Darkness, ilipigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe wako Chicago, kwenye makumbusho ya Field. Tumebaki na kituo cha treni cha Tsavo.

Pwani ya mwambao imeanza kujisemea. Kampuni ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla imetuletea tamthilia kama Sultana, iliyoanza Citizen mwaka 2022, na Mwanaasha Johari akaigiza binti asiyeona kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekiweka pale ili kichekwe. Ni tamthilia ya machozi, si kichekesho, lakini imethibitisha kwamba nchi nzima inaweza kukaa jioni ikimsikiliza Mpwani akizungumza kama kwao. Kanuni za utangazaji nazo zinavitaka vituo viwe na asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini. Nafasi ipo, na lazima ijazwe na mtu.

Siombi mchekeshaji atuigie lafudhi yetu ya Kidawida. Hiyo itachekesha mara moja pale Voi stendi kisha basi. Naomba mtu. Niwape mfano, na atakayeutaka auchukue bure. Mzee wa Ronge Nyika ameamka akakuta ndovu wamepita shambani. Amekwenda kujaza fomu ya fidia. Shamba lake ni nusu ekari, ila kwenye fomu, akiwa ameshika kalamu, nusu ekari inaanza kunenepa. Inakuwa ekari mbili. Mahindi yanakuwa magunia 40. Kunaingia migomba ambayo haikuwahi kupandwa, na mbuzi ambao ndovu, kwa jinsi mzee anavyosimulia, waliwakanyaga kwa makusudi. Karani anaandika tu. Mkewe, aliyekuja naye na ambaye hajapata kusema neno, anauliza kwa upole: "Baba Mwakio, na ile nyumba ya mabati uliyosema utanijengea, nayo ndovu wameivunja?" Kisha afisa anasema kesho watakuja kupima shamba. Usiku ule mzee yuko nje na kurunzi anasogeza mipaka, na jirani naye yuko nje na kurunzi anairudisha, na ndovu wamesimama barabarani wakisubiri hao wawili wamalize.

Mtu huyo hahitaji lafudhi. Ni Ojwang', ni mshtakiwa wa Vioja, ni Papa akibadilisha suti, lakini amekula kimanga asubuhi na shida yake imetoka Tsavo. Anaweza kuishi miaka 10 hewani. Ana binti aliyeko Nairobi, ana deni la chama, ana mchungaji anayemtafuta kwa ajili ya ahadi ya harambee, na hatujafika hata kwenye pombe ya mbangara.

Vijana, simu mnazo mifukoni, na wengine wenu mnazo nzuri kuliko kamera zilizopiga Vitimbi. Msianze na wigi. Kaeni na wazee hawa mlioketi nao leo, muwaulize nani alikuwa mwongo mkubwa wa kijiji na alidanganya nini hasa. Andikeni mtu mmoja, mumpe vipindi 10 kabla hamjamchoka, na msimwache mpaka mke wake naye awe na la kusema. Walimu, vikundi vya drama mnavyo shuleni. Tafadhali msivifunge tamasha likiisha. Nanyi watu wa kaunti mlio hapa, kabla ya kuchangia kongamano jingine la utalii, mtafutieni mtoto mmoja taa mbili na kipaza sauti. Maswali yaanze; kijana aliyeegemea dirisha ndiye wa kwanza.